Albamu ya Kwanza ya Mpiga Gitaa wa Jazz: Istilahi na Historia ya Santuri Afrika Mashariki

Utangulizi

Kirai "albamu ya kwanza ya mpiga gitaa wa jazz" kina maneno matatu ya mkopo: albamu, gitaa na jazz. Kila moja liliingia katika Kiswahili kwa wakati wake na kwa mlango wake. Mkazi wa Nairobi akikisikia kirai hiki leo, huenda akafikiria mwanamuziki kijana wa aina ya wale waliopanda majukwaa ya tamasha la Safaricom Jazz, lililoanza mwaka 2014, mwenye diski au faili ya nyimbo kumi hivi zisizo na maneno mengi. Mzee wa Ekerenyo, kaskazini mwa Kaunti ya Nyamira, yamkini atawaza jambo jingine kabisa: bendi ya magitaa matatu, besi ikinguruma, nyimbo za Ekegusii au za Kijaluo, na sahani ndogo ya santuri yenye tundu kubwa katikati. Wote wawili wana haki ya kulitumia neno jazz. Tatizo liko katika neno albamu.

Makala haya yanaeleza kwa nini kipimo cha "albamu ya kwanza", ambacho wahakiki na waandishi wa habari hukitumia kuonyesha mwanzo wa kazi ya msanii, hakiwatoshei wapiga gitaa wengi wa Afrika Mashariki. Suala hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Nyimbo za dansi zimekuwa matini ya kuchambuliwa katika idara za fasihi, na mchambuzi anayekosea mwaka wa matini hukosea muktadha wake pia.

Neno "jazz" katika majina ya bendi

Huko Marekani, jazz ni jina la aina ya muziki iliyoanzishwa na Wamarekani weusi mwanzoni mwa karne ya 20. Afrika Mashariki na Kongo neno hilo lilichukuliwa kwa maana pana zaidi. Joseph Kabasele aliita bendi yake African Jazz mwaka 1953, na O.K. Jazz ya Franco ikafuata mwaka 1956, zote mjini Léopoldville, na zote zikipiga rumba. Tanganyika ilikuwa na Morogoro Jazz tangu mwaka 1944. Baadaye zikavuma Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz, na NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ambayo kwa kubadilishwa jina mara kadhaa ndiyo Msondo Ngoma. Nyanza ikawa na Shirati Jazz na Victoria Jazz. Katika majina haya yote, "jazz" ilimaanisha bendi ya kisasa yenye ala za kizungu, inayopiga muziki wa kucheza. Maana ya neno ilipanuka, na hilo ni tukio la kawaida katika ukopaji. Anayedai kwamba bendi hizi zilijiita jazz "kimakosa" anasahau kwamba neno likishakopwa huwa mali ya mkopaji.

Kuhusu tahajia, waandishi wengi wamebaki na "jazz" badala ya kuandika "jazi", na yamkini wamefanya vyema. Kiswahili tayari kina jazi yenye maana ya kitu tele, cha kawaida, kisicho adimu. Bendi iliyochanga fedha kwa taabu ili kununua ala zake isingependa kuitwa hivyo.

Albamu ilivyokuwa kabla ya kuwa albamu

Asili ya neno albamu ni Kilatini, kutoka kivumishi chenye maana ya "-eupe". Roma ya kale ilikuwa na ubao mweupe wa kuandikia matangazo ya umma ulioitwa hivyo. Baadaye neno likapewa vitabu vya kuhifadhia picha, na ndiyo maana ya kwanza ambayo Waswahili wengi waliifahamu: albamu ya picha za arusi. Katika muziki, neno lilianza kutumika kwa majalada yenye mifuko ya kuwekea santuri kadhaa za mizunguko 78 kwa dakika. Sahani moja ya inchi 10 ya aina hiyo ilibeba takriban dakika tatu kila upande, kwa hiyo kazi ndefu ilihitaji sahani nyingi, na sahani nyingi zilihitaji jalada.

Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi moja, iliyoweza kubeba dakika zaidi ya 20 kila upande. Mwaka uliofuata kampuni ya RCA Victor ikatoa sahani ndogo ya mizunguko 45. Kwa hiyo maumbo mawili yalizaliwa karibu pamoja. Santuri ndefu ilirithi jina la albamu hata bila ya jalada la mifuko, na ikawa chombo cha msanii aliyetaka kusikilizwa akiwa ameketi na wasikilizaji wake sebuleni. Sahani ndogo ikawa chombo cha wimbo mmoja, cha kuuzwa kwa bei nafuu, cha kupigwa katika baa na redioni. Ni sahani hii ndogo iliyotawala Kenya, Uganda na Tanzania katika miaka ya 1960 na 1970.

Inafaa kukumbuka kwamba hata jazz ya Marekani haina unyoofu katika jambo hili. Charlie Christian, aliyelipa gitaa la umeme nafasi ya kupiga solo katika jazz, alijiunga na Benny Goodman mwaka 1939 na kufariki mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 25. Hakuacha albamu hata moja aliyoipanga mwenyewe. Albamu zote zenye jina lake zilikusanywa na wengine baada ya kifo chake. Wes Montgomery, ambaye wengi humtaja mara baada ya Christian, alikuwa na umri wa miaka 36 alipotoa albamu yake ya kwanza kama kiongozi wa kundi, mwaka 1959, katika kampuni ya Riverside. Ikiwa historia ya Christian ingeanzia kwenye albamu, asingekuwa na historia.

Upande A na upande B

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco katika mji wa Jadotville, ambao leo huitwa Likasi, kusini-mashariki mwa Kongo. Wimbo uliomtambulisha Mwenda duniani, "Masanga", ulikuwa upande mmoja wa sahani ya mizunguko 78. Alitumia gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, akilichuna kwa kidole gumba na kidole cha shahada, hivi kwamba msikilizaji angedhani wapigaji ni wawili. (Wanamuziki wakongwe waliita magitaa kama hayo galatoni, kutokana na Gallotone, chapa ya kampuni ya Afrika Kusini iliyouza santuri na magitaa ya bei nafuu.) Dakika tatu zilimtosha Mwenda kwa sababu alikuwa peke yake na wimbo wake ulikuwa mfupi.

Bendi za jazz hazikutoshwa na dakika hizo. Wimbo wa dansi ulipopigwa ukumbini ulikuwa na sehemu mbili zilizo dhahiri. Katika sehemu ya kwanza mwimbaji husimulia kisa, na gitaa la solo humjibu kwa vifungu vifupi mwishoni mwa kila mstari. Katika sehemu ya pili sauti hupungua au hunyamaza, mwendo huchangamka, na magitaa hushika usukani mpaka wachezaji watoke jasho. Sahani ya mizunguko 45 iliugawa wimbo huo palepale. Lebo nyingi ziliandikwa sehemu ya kwanza kwa upande A na sehemu ya pili kwa upande B. Kisa kikawa upande mmoja, gitaa likawa upande wa pili. Anayetaka kujua uwezo wa mpiga gitaa hana budi kuigeuza sahani.

Mgawanyo huu uliathiri utunzi wenyewe. Watunzi walijifunza kukamilisha kisa ndani ya dakika tatu au nne, kwa sababu baada ya hapo sindano ingefika katikati. Wachambuzi wa fasihi wanaosifu ufupi na ukinzani wa nyimbo za miaka hiyo wangefanya vyema kuzingatia kwamba sehemu ya ufupi huo ilitokana na kipenyo cha sahani.

Gitaa kati ya Ekerenyo na Ziwa

Ekerenyo ni mji mdogo wa soko katika eneo la Mugirango Kaskazini. Jina lake, kama Ekegusii yenyewe, linaonekana kubeba kiambishi eke-, ndugu wa ki- ya Kiswahili. Si mbali na hapo Ekegusii hukoma na Kijaluo huanza, kwa maana Nyamira inapakana na Kaunti ya Homa Bay. Mpaka huu ni mkubwa kiisimu, kati ya lugha ya Kibantu na lugha ya Kiniloti, lakini kimuziki ni mwepesi kuvukwa. Wajaluo wana nyatiti, kinubi cha nyuzi nane ambacho mpigaji wake hugongesha pete ya chuma iliyo katika kidole cha mguu. Wagusii wana obokano, nacho cha nyuzi nane, ila ni kikubwa zaidi na sauti yake ni nzito yenye mvumo. Wataalamu wengi huhusisha mdundo wa benga na mapigo ya nyatiti yaliyohamishiwa kwenye gitaa. Mchango wa obokano katika upigaji wa gitaa wa Wagusii umezungumziwa kwa uchache mno, ingawa anayesikiliza besi ya nyimbo za Christopher Monyoncho, mwanabenga mashuhuri wa Ekegusii, ana sababu ya kuuliza swali hilo.

Mpiga gitaa wa sehemu hizi aliyetaka kurekodi hakulazimika kufika Nairobi. Mjini Kericho kulikuwa na duka na studio ya Chandarana, iliyorekodi na kusambaza santuri za lugha kadhaa za magharibi mwa Kenya. Waliofika Nairobi walielekea River Road, mtaa wa maduka ya santuri na watayarishaji. Kote kuwili bidhaa ilikuwa ileile: sahani ndogo yenye nyimbo mbili, au wimbo mmoja uliogawanywa. Mtayarishaji alitaka kujua kama sahani itauzika kabla ya kugharimia nyingine. Hakukuwa na sababu ya kibiashara ya kumwomba mpiga gitaa wa kijijini nyimbo kumi kwa mkupuo.

Sahani hizo zilisafiri mbali kuliko watu waliozipiga. Mtayarishaji Phares Oluoch Kanindo, ambaye pia aliwahi kuwa mbunge, alisambaza benga hadi kusini mwa Afrika, na kule Zimbabwe muziki huo ukaitwa kwa jina lake, kanindo. Miongoni mwa lebo zake ilikuwamo Sungura, na inaelezwa kwamba kutokana na lebo hiyo Wazimbabwe walipata jina la muziki wao wa gitaa wanaouita sungura hadi leo. Neno la Kiswahili limekuwa jina la muziki katika nchi isiyozungumza Kiswahili, na lilifika huko kwa kuandikwa katikati ya sahani.

Misiani na Mbaraka

Daniel Owino Misiani alizaliwa karibu na Shirati, upande wa Tanzania wa mpaka, akafanya kazi yake kubwa Kenya. Alianza kurekodi katika miaka ya 1960, na Shirati Jazz ikatoa sahani ndogo nyingi. Mwaka 1989 albamu "Benga Blast!" ilitolewa Uingereza na lebo ya Earthworks. Wasikilizaji wengi wa Ulaya walikutana na Misiani hapo kwa mara ya kwanza, na kwao huo ndio mwanzo. Kwa msikilizaji wa Kisumu, Kisii au Musoma, Misiani wa mwaka 1989 alikuwa mzee mwenye zaidi ya miaka 20 katika santuri, aliyekwisha kulea kizazi cha wapiga gitaa. Alifariki kwa ajali ya barabarani mjini Kisumu mwezi wa Mei mwaka 2006.

Mbaraka Mwinshehe ni mfano wenye uchungu zaidi. Alizaliwa mwaka 1944, akawa mpiga gitaa la solo, mtunzi na mwimbaji wa Morogoro Jazz, bendi iliyoiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970. Mwaka 1973 aliondoka na kuunda Super Volcano. Alifariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa mwezi wa Januari mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Baada ya kifo chake, sahani zake ndogo zilikusanywa katika mfululizo wa santuri ndefu zilizoitwa "Ukumbusho". Jina hilo linasema wazi jinsi santuri hizo zinavyopaswa kusikilizwa, lakini orodha za leo, hasa zile za kompyuta, haziheshimu majina. Huandika mwaka wa mkusanyo kana kwamba ndio mwaka wa wimbo.

Mwaka wa wimbo

Madhara ya kosa hili yanaweza kuonyeshwa kwa mfano mmoja. Chukua wimbo "Shida" wa Mbaraka Mwinshehe, mojawapo ya nyimbo zake zilizopendwa sana. Mwanafunzi anayeupata katika mkusanyo wa miaka ya 1980, na kuunakili mwaka ulio kwenye jalada, atashawishika kuusoma kama sauti ya Tanzania baada ya vita vya Kagera: foleni za sukari na sabuni, maduka matupu, na kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi. Uchambuzi wake utapendeza. Mada itaoana na muktadha, mifano itatiririka, na msimamizi asiyekuwa na santuri ya awali hatakuwa na sababu ya kumpinga. Lakini mtunzi alikuwa kaburini tangu Januari 1979. Shida anayoiimba ni ya miaka ya 1970, na huenda si ya kiuchumi kwa jinsi uchambuzi huo ungetaka iwe.

Kosa la pili ni la matini yenyewe. Mkusanyaji mwenye nafasi finyu anaweza kuchukua upande A na kuuacha upande B. Mchambuzi wa maneno haoni hasara, kwa kuwa maneno mengi yako upande A. Hata hivyo, mara nyingine mwimbaji hurudi katika upande wa pili, akawataja wenzake bendini, akamsifu mfadhili, au akaongeza mistari inayogeuza mwelekeo wa kisa. Kinachoitwa "wimbo mzima" katika tasnifu kinaweza kuwa nusu ya wimbo. Ndiyo sababu lebo ndogo ya karatasi katikati ya sahani, yenye jina la bendi, la mtunzi, nambari ya toleo na alama ya upande, ni ushahidi bora kuliko jalada zuri la albamu. Kituo cha Ketebul Music cha Nairobi kilipofuatilia historia ya benga katika mradi wake uliochapishwa mwaka 2008, kililazimika kuwatafuta wanamuziki wenyewe na kukusanya rekodi za zamani, kwa sababu historia hiyo haikuwa imewekwa katika albamu.

Kufyatua, kutoa, kuzindua

Kiswahili chenyewe kimehifadhi tofauti hii katika vitenzi vyake. Magazeti ya zamani yalisema bendi imefyatua santuri, kitenzi kilekile cha matofali na cha risasi. Picha iliyomo ni ya kitu kimoja kinachoachiwa kwa nguvu, kisha kingine, kisha kingine, kama fundi na kalibu yake. Wimbo uliovuma uliitwa kibao. Albamu, kwa upande wake, huzinduliwa: kuna mgeni rasmi, kuna mabango, kuna kiingilio. Kitenzi hiki cha pili hutumika pia kwa vitabu na miradi ya serikali. Aliyefyatua vibao 40 kwa miaka 15 bila ya kuzindua chochote alifanya kazi isiyokuwa na siku moja ya kuitwa mwanzo.

Kaseti na baada yake

Kilichowaletea wapiga gitaa wa Gusii umbo lililokaribia albamu ni kanda ya kaseti. Kuanzia miaka ya 1980 santuri ilipokuwa ikififia, kaseti iliweza kubeba dakika 30 kila upande, ikanakiliwa kwa gharama ndogo, na kuuzwa katika masoko kama ya Kisii, Keroka na Nyamira. Hapo ndipo jina "Volyum 1" liliposhika, na wengi hulitumia hadi leo mahali ambapo wengine wangesema albamu ya kwanza. Tofauti si ndogo. Volyum 1 hutangaza kwamba Volyum 2 yaja, na haidai kuwa kazi kamili yenye umoja wa dhamira. Kaseti ilileta pia wizi wa kazi, kwa sababu kila mwenye redio ya kanda mbili aliweza kuwa mchapishaji. Wimbo, kwa upande mwingine, haukuhitaji tena kukatwa katikati, na sehemu ya magitaa ikarefuka hadi dakika saba au nane.

Kisha simu ya mkononi ikaufupisha tena. Huduma ya Skiza ya Safaricom, iliyoanza mwaka 2009, humpa anayepiga simu kipande cha wimbo badala ya mlio wa kawaida, na wanamuziki wengi wa Kenya, wakiwamo wa lugha za mama, wameifanya kuwa chanzo cha mapato. Kipande hicho hakifiki dakika moja. Anayechagua kipande huchagua kiitikio, kwa kuwa ndicho kinachotambulikana upesi kabla ya simu kupokewa. Sahani ya mwaka 1952 ilimpa Mwenda dakika tatu, na santuri ya mizunguko 45 ikampa mpiga gitaa upande wake mwenyewe. Katika Skiza, upande B haupo.